Kumwendea Bi Inshirah

Amshir 2

Mahrus amevunjika mkono. Sisherehekei, Mungu anisamehe, lakini leo nimenyoa ndevu.

Upepo wa mwezi huu wa Amshir ulimkuta juu ya paa akishindana na dishi la televisheni, ukamshusha kwa njia ya mkato hadi kwenye banda la njiwa la jirani. Njiwa wote wazima. Mahrus ndiye msukuma kigari cha kamera katika tamthilia ya Ramadhani inayopigwa studio ya barabara ya Haram, ile iendayo kwenye piramidi. Asubuhi walinipigia simu mimi, Zeinhom, ambaye tangu nistaafu sijasukuma kitu kizito kuliko gilasi ya chai. Nikawaambia nitafikiria. Kisha nikauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, mama wa tamthilia anaigizwa na nani.

Wakasema Inshirah Labib.

Nikasema nimekwisha kufikiria.

Amshir 3

Nahesabu siku kwa Amshir, kwa kalenda ya kale ya Misri, kama mkulima, ingawa maisha yangu yote hapa mtaani Sayyida Zainab sijapanda hata kitunguu. Marehemu mke wangu ndiye aliyenizoesha. Alikuwa akisema mwanamume asiyejua mwezi wa upepo atafuliwa nguo zake mara mbili.

Kwa asiyejua kazi yangu: kamera hukaa juu ya kigari, kigari hukaa juu ya reli, na nyuma ya kigari hukaa punda. Punda ni mimi. Mwongozaji husema nenda, punda huenda. Husema rudi, hurudi. Watu majumbani humwona mwanamke anasogea mpaka sura yake inajaa kioo, wanatoa vitambaa wanafuta machozi. Hakuna anayemwombea punda dua.

Nami nimemwendea Inshirah Labib kwa namna hiyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mara ya kwanza alikuwa na gauni la manjano, anaachwa na mchumba kwenye kituo cha garimoshi. Nilimwendea taratibu, taratibu, akanitazama, na mpaka leo sijarudi kamili kutoka kituo kile. Waume zake wawili hawakumwendea mara nyingi kama mimi. Mmoja alimwacha, wa pili kafa, Mungu amrehemu, alikuwa bahili. Mke wangu naye ametangulia siku nyingi.

Basi niseme wazi, maana hapa hakuna wa kunicheka ila panya: kabla tamthilia haijaisha nataka kumwomba Inshirah akubali nimwoe.

Amshir 5

Mwongozaji ni msichana. Anaitwa Lamis, ana miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea. Nilimwuliza kama mama yake anajua yuko huku. Akajibu kwamba mama yake ndiye aliyemfungia chakula, mna mahshi, wali uliofungwa kwa majani ya kabichi, na kama ninataka nile kwanza ndipo nianze kumtania, kwani njaa huharibu utani. Nilikula. Mahshi nzuri.

Ana mpiga kamera, Tamir, anayejifunga kamera kifuani kwa mikanda kama mama aliyebeba pacha, kisha anakimbia nayo ngazini. Nilipoona picha yake nilishika ukuta. Nikamwambia Lamis kwamba picha hii ni ya mjomba mlevi anayetafuta choo kwenye harusi ya watu. Akacheka. Akasema kamera ya Tamir ni ya watoto wa ile nyumba, wote wanataka kukimbia, na mtazamaji lazima apate kizunguzungu chao. "Yako ni ya mama yao, ami. Yeye haendi popote. Sisi ndio tunaomwendea."

Nikaenda kupaka reli poda ya watoto, maana zilikuwa zinalia.

Amshir 6

Amekuja.

Amenenepa kidogo, namshukuru Mungu, zamani upepo wa Amshir ungemchukua. Alisalimia watu wote mmoja mmoja, mafundi wa taa, mpishi wa chai, mpaka akanifikia mimi niliyekuwa nimejiinamisha kwenye gurudumu nikijifanya nakaza kitu kisicholegea.

"Fundi Zeinhom," akasema, "wewe bado hujafa?"

"Nilikuwa naingoja ruhusa yako, Bi Inshirah."

"Sijatoa. Sukuma kwanza."

Nikasukuma kwanza. Anaigiza Haja Wahiba, mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye mwanawe wa mwisho anachukuliwa na polisi, na ndani ya nyumba yupo aliyemchongea. Leo anapata habari. Lamis akataka nimwendee polepole kuliko nilivyozoea, mpaka nikaona aibu, kama ninamnyatia kuku. Lakini nilipoiona picha baadaye nikanyamaza. Ukimwendea mtu haraka unamshtua, unakuwa umemletea habari wewe. Ukimwendea polepole hivyo habari inakuwa ilikuwa tayari ndani yake, sisi ndio tumechelewa kuijua. Msichana yule hakunifundisha. Alisema tu "polepole zaidi, ami," akaniacha nijifundishe. Hii ni tabia mbaya kwa mtu wa umri wake.

Amshir 9

Vumbi. Hatukupiga.

Amshir 10

Vumbi.

Amshir 13

Leo mkahawani nimegombana na Fikri, kondakta wa tramu aliyestaafu, mtu ambaye kwa miaka yote amesafiri kwenye reli bila kufika popote. Anasema kazi yangu ni uongo, mtazamaji anaelewa kwa maneno ya waigizaji, kigari kikienda au kisiende. Nikamwambia kaa hapo. Nikamwita Shaaban mwenye mkahawa, nikamnong'oneza.

Shaaban akatoka jikoni na sinia tupu, uso umekufa kama alivyoagizwa, akamwendea Fikri polepole sana, akasimama karibu yake, kimya.

Fikri akabadilika rangi. "Nani amekufa?"

Nikamrudisha Shaaban. Akaja tena, uso ule ule, ila kwa kasi. Fikri akainua mikono na kusema chai ya jana alikwisha kuilipia. Mara ya tatu Shaaban alisimama karibu naye tangu mwanzo, kisha akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea jikoni, akimtazama. Fikri akamfuata kwa macho mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Shaaban, nimekukosea nini ndugu yangu?"

Mkahawa mzima uliangua kicheko. Shaaban hakuwa amesema neno hata moja, na uso wake ulikuwa mmoja tu, ule aliopewa na Mungu, na hana mwingine wa akiba. Fikri hasemi nami tena. Atasema kesho.

Amshir 17

Goti. Nimepaka mafuta ya kafuri, nanuka kama maiti tajiri.

Amshir 22

Nilikuwa nimeamua kumwambia leo. Nilimpelekea mbegu za tikiti za kukaanga, anazipenda, huzipasua kwa meno ya mbele kama kasuku mwenye adabu. Tulikaa nyuma ya ukuta wa mbao wa ile nyumba ya uongo, mahali pasipofika upepo. Akanisimulia juu ya dada yake anayeishi Ras el-Barr, pale mto unapoingia baharini, ana nyumba ya vyumba viwili na paka wengi wasio na majina. Nikasema paka wanafaa kuwa na majina. Akasema wakiwa na majina watataka kitu.

Nilifungua mdomo. Wakaita, "Bi Inshirah, taa tayari." Nilifunga mdomo nikabaki na maganda mkononi.

Kila siku namwendea mpaka naona jasho juu ya mdomo wake wa juu, kisha wanasema kata, napaswa kumrudisha alikokuwa na kuanza upya. Nani mwingine duniani anaonjeshwa na kunyang'anywa namna hii kwa mshahara?

Amshir 29

Mwandishi wa tamthilia bado yuko sehemu ya kumi na tatu kati ya thelathini. Ramadhani iko mlangoni. Kila mwaka ni hivi. Watu wataanza kula hatujamaliza kupika.

Ramadhani 1

Baada ya futari tulijazana kwa Shaaban. Alitoa meza nje akaweka televisheni juu ya mapipa. Haja Wahiba alipopata habari ya mwanawe, nami nikawa namwendea pale kiooni kwa mwendo ule wa kunyatia kuku, mkahawa uligeuka msikiti. Hata gilasi haikugonga gilasi. Fikri, ambaye kigari hakimwambii kitu, alikuwa anajifuta pua kwa ncha ya kilemba.

Mimi sikuwa namtazama Inshirah. Nilikuwa nawatazama wao, jinsi miili yao ilivyoinama mbele kidogo kidogo kadiri nilivyosukuma. Niliwasukuma wote.

Ramadhani 4

Kiu. Reli ndefu. Mungu ni mwingi wa rehema, waongozaji si wengi.

Ramadhani 8

Leo tumepiga mambo ya sehemu ya tisa, itakayoonyeshwa kesho. Tumefika huko: tunapiga leo watu wanakula nayo kesho, kama mkate.

Jamaa wote wako mezani, kiti cha yule kijana aliyefungwa kiko wazi. Reli nimezilaza sambamba na meza, kutoka kwa mtoto mkubwa mpaka kwa Mansur, ndugu mdogo wa marehemu baba yao. Mansur ndiye mchongezi. Lamis akanieleza mara mbili, na kwa sababu alikuwa amefunga kama sisi, alinieleza kwa upole wa mtu mwenye njaa. Nipite mbele ya kila uso kwa mwendo mmoja, nisimpendelee yeyote wala nisikawie kwa yeyote, mpaka kwa Mansur, hapo nisimame. "Ukisimama mbele yake tu, ami, nchi nzima itamjua kabla hajafungua mdomo. Sitaki hata aonyeshe kwa macho. Wewe ndiye utakayemtaja."

Nilianza vizuri. Nikampita mkubwa, nikampita mkewe. Nikafika kwa Inshirah. Alikuwa ameweka mkono juu ya mgongo wa kile kiti kitupu. Hakuambiwa auweke. Akaukanda ule ubao kama mtu anayekanda bega la mwanawe, huku anatazama chakula.

Sikusimama, wallahi. Nilipunguza tu, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyozaliwa. Kisha nikakumbuka kazi, nikaendelea, nikasimama kwa Mansur kama nilivyoagizwa.

Lamis alitazama saa, akatazama dirisha. Nakala ilikuwa inangojwa na wahariri, pikipiki ilikuwa imeshawashwa mlangoni. Akasema basi, imepita.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Wahenga hawakuwahi kusukuma kamera.

Ramadhani 9

Balaa.

Tumefuturu, tumekaa kwa Shaaban, meza ya jamaa ikatokea. Nikajiona napita. Mkubwa, mkewe, kisha pale, mbele ya Haja Wahiba, picha ikasita. Kitu kidogo sana. Nikatazama watu nikitumaini hakuna aliyeona.

Fikri akaweka gilasi chini. "Ni mama," akasema.

"Mama nini?" Shaaban akauliza.

"Mama ndiye aliyemchongea mwanawe. Hukuona kamera? Imemchungulia, ikaogopa, ikaondoka."

"Imesimama kwa Mansur, mpumbavu wewe," nikamwambia.

"Kwa Mansur imesimama ili tudhani ni Mansur. Kwa mama imepunguza bila kutaka. Mtu akificha kitu hukipita haraka au hukipita polepole, hakipiti sawa. Mimi nimekagua tiketi maisha yangu yote, Zeinhom, namjua asiye na tiketi."

Nikawaambia kwamba nayajua mambo ya ndani ya tamthilia ile, na mama hana hatia. Wakaniambia ninyamaze, mimi ni msukuma gari tu, ninajua nini. Kufika sala ya tarawehi mtaa mzima ulikuwa umekwisha kumhukumu. Mwanamke mmoja dirishani alikuwa anamlaani Haja Wahiba kwa jina la mama yake na la bibi yake.

Ramadhani 10

Inshirah alikwenda duka la dawa asubuhi. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mkononi alimgeuzia mgongo akamwambia, mama anayeuza tumbo lake hana dawa. Mwuza dawa akamhudumia bila kumtazama. Alituhadithia huku akicheka, kisha akauvuta ushungi mpaka kwenye nyusi.

Lamis akaniita chumba cha picha. Akanionyesha kile kipande, akakirudisha, akakionyesha tena. Kuona kosa lako moja mara nyingi ni kama kuitwa jina lako na polisi.

"Hapa ulipunguza, ami."

"Upepo. Mchanga uliingia kwenye gurudumu."

"Mchanga haujui mahali pa kukaa." Akavua miwani. Bila miwani ana macho ya mtoto aliyekosa usingizi. "Nimewasoma watu wote kwa kamera hii, nikadhani wewe huonekani kwa sababu uko nyuma yake. Kumbe wewe ndiye unayeonekana kuliko wote. Tangu lini?"

Ningeweza kumwambia ashughulike na mahshi zake. Nikamwambia ukweli: tangu gauni la manjano.

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nikabaki na silaha mkononi bila adui. Akasema mapenzi ni kikohozi, na mimi nimekohoa mbele ya Misri nzima mezani. Nikauliza atanifukuza lini. Akasema haoni sababu, ila kuna mtu mwingine anayestahili kuelezwa, na si kazi yake Lamis kumweleza.

Nilidhani msichana yule ni miwani tu. Nilikosea.

Ramadhani 11

Lamis na mwandishi wamejifungia tangu alfajiri. Hawamwombi mtazamaji radhi. Wamebadili hadithi: sasa Haja Wahiba alijua kuwa Mansur ndiye aliyemchongea kijana, akanyamaza, kwa sababu Mansur alitishia kumchongea na mtoto mkubwa. Amepoteza mmoja kwa kumlinda mwingine. Kwa hiyo kusita kwangu mezani sasa kuna maana. Kamera ilijua siri yake kabla ya mwandishi.

Mpishi wa chai ananiita Bwana Mtunzi. Nimemwambia azingatie sukari.

Ramadhani 15

Leo tulichelewa, tukafuturu pale pale studio, meza ndefu, tende, supu ya dengu, mlenda wa mulukhiya uliopoa. Inshirah akachukua sahani yake akaja kukaa karibu nami mwisho wa meza. Watu wakatuachia nafasi, jambo lililoniambia kwamba wote wanajua, hata fundi wa umeme ambaye huwa hajui kama ni mchana.

Akala kwanza. Yeye hula kwanza. Kisha akauliza, "Ulipunguza kwa makusudi?"

"Miguu ilipunguza."

"Miguu ya umri huo inafanya mambo gani hayo?"

Nikamwambia. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu Amshir, mazuri, yenye mwanzo na mwisho, yakaniruka yote kama njiwa wa jirani yake Mahrus. Nikasema tu kwamba nataka tuzeeke pamoja.

"Tumekwisha kuzeeka, Zeinhom."

"Basi tumalizie."

Alicheka hasa, mpaka akashika meza. Nikaanza kutumaini. Kisha kicheko kikamwisha, akanitazama kwa huruma, na hapo nikajua, maana huruma ya mwanamke mzuri ni mlango uliofungwa vizuri, bila kishindo.

Akaniuliza kama nakumbuka kituo cha garimoshi. Nikasema nakumbuka. Akaniuliza kama nakumbuka kipande cha karatasi nyeupe kilichobandikwa ubavuni mwa kamera. Nikasema bila shaka nakumbuka, nilikibandika mwenyewe, ili ajue pa kutazama.

"Nilikuwa nakitazama hicho," akasema. "Mwongozaji aliniambia, kitazame kama ndiye yule unayempenda anaondoka. Nikakitazama. Nchi nzima iliamini, ndiyo kazi yangu. Lakini wewe, uliyekibandika kwa mkono wako?"

Nilimega mkate.

"Yule unayempenda ni yule anayekuja ukisukuma. Mimi sikuja, Zeinhom. Sijawahi kuja. Nilikuwa nimekaa kitini nina njaa, nangoja waseme kata. Wewe ndiye uliyekuwa unakuja."

Akanieleza mengine kwa sauti ya chini, nayaandika bila utani. Kwamba tangu akiwa msichana kila mtu amemsogelea: waume, waandishi wa magazeti, mashabiki, vioo vya kamera. Kwamba baada ya kazi hii anahamia kwa dada yake Ras el-Barr, na anachokitaka ni kukaa mahali ambapo hakuna anayekuja. Hata mtu mwema. Hata mimi. Akanimiminia juisi ya aprikoti kavu kwenye gilasi yangu, akaenda kunawa mikono.

Ramadhani 16

Nimefunga.

Ramadhani 17

Ana kiburi. Alikuwa na kiburi tangu zamani. Na hajui kula mbegu za tikiti, anatapakaza maganda.

Ramadhani 19

Hatapakazi maganda. Niliandika vibaya.

Ramadhani 21

Upepo umekwisha, joto limeanza ghafla. Fikri ananiuliza kwa nini simtanii tena. Nimemwambia nimefunga hata kutania. Akasema Mungu hakubali saumu ya namna hiyo, baada ya futari akaninunulia kunafa ya tambi na shira. Nikala yake na yangu.

Ramadhani 24

Lamis amenieleza picha ya mwisho wa tamthilia. Watoto wameondoka, nyumba imeuzwa, Haja Wahiba amekaa peke yake uani kwenye kiti. Nikasema vema, namwendea polepole, machozi, jina la Mungu, kwisha. Nimefanya miisho hiyo mpaka imeniotesha sugu.

Akasema, "Hapana, ami. Utaanza karibu naye, kisha utamwacha."

Nilikasirika kuliko ilivyofaa. Nilimwambia hakuna mtu anayemaliza hadithi kwa kuondoka. Mtazamaji amekaa na mama huyu mwezi mzima, amemlaani, amemsamehe, sasa anataka kumwona machoni. Nikasema mengi. Akayasikiliza yote, kwa sababu ni mtu wa kusikiliza, kisha akasema, "Ukimwendea, watadhani bado kuna kitu anakitaka, na sisi tunakileta. Ukirudi nyuma, watajua ametosheka. Nataka wamwache ametosheka." Akaongeza kwamba kama siwezi, Tamir anaweza kuvaa kamera na kurudi nayo kinyumenyume, na hatanilaumu.

Tamir! Arudi kutoka kwa Inshirah akiyumba kama mjomba wa harusini!

Nikasema nitaifanya mimi.

Ramadhani 28

Tumepiga leo mchana, uani, chini ya anga jeupe. Reli nilizilaza mwenyewe, nikazifuta, nikazipaka poda, nikalala tumbo kuangalia kama zimenyooka. Sikutaka neno lolote litokee ambalo sikulisema.

Katika kurudi nyuma, anayevuta kigari humwelekea yule anayeachwa. Hilo wengi hawalijui. Ukienda mbele unakuwa nyuma ya kamera, unaona mgongo wa mpiga picha na kipande cha uso. Ukirudi, unavuta kwa mpini, umejipinda pembeni, na unamwona mwili wote.

Inshirah akakaa. Kamera ilikuwa karibu naye kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono nikaupanga ushungi wake. Hakunitazama. Lamis akasema, "Ukiwa tayari, ami," si "nenda," kana kwamba mimi ndiye mwigizaji.

Sikuwa tayari. Nikaanza.

Mwili wangu haukutaka. Miaka yote mikono hii imejifunza kumsogelea, ni kama kumwambia mkono wa kulia uandike kushoto. Hatua za kwanza nilivuta kwa goti bovu na kwa matusi ya moyoni. Uso wake ukaanza kupungua. Likaja bega, ukaja mkono, yakaja mapaja na kiti. Chini ya kiti palikuwa na chupa yake ya dawa na kikaratasi cha peremende alichosahau kukitupa. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, amekifunga kitambaa, na alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Zikaja kuta, ukaja mlango wa ua, likaja anga juu yake, jingi mno kwa mtu mmoja, na akatoshea ndani yake.

Nikaelewa kwamba sikuwahi kumwona. Nimeujua uso huu kuliko ninavyoujua wangu, jasho lake, mshono mdogo kwenye nyusi, lakini kila nilipofika karibu yeye mwenyewe alikuwa anabaki nje ya picha. Mwanamke mzima, mzee, aliyekaa kitini mwake, asiyengoja kitu. Ndiye huyu. Na ilinibidi nimpoteze hatua kwa hatua ili nimwone.

Reli zilikwisha. Lamis hakusema kata. Tukakaa hivyo sote, kigari kimesimama, yeye mbali kule, mdogo kama chembe ya ngano. Kisha Inshirah akainua uso. Hapakuwa na karatasi yoyote kwenye kamera, niliikagua. Akanitazama mimi, kutoka umbali huo wote, akainamisha kichwa mara moja kama mtu anayemshukuru aliyemfungia mlango upepo usiingie.

Kata.

Baadaye alipita kuaga watu. Kwangu alisimama akasema, "Hukutikisika hata kidogo." Nikasema ni poda. Akasema najua, na akaenda garini, na mimi sikumsindikiza mpaka garini, nilisimama pale pale nilipokuwa.

Ramadhani 30

Kesho Idi. Shaaban alikuwa ametundika taa za rangi na watoto walikuwa wanarusha fataki barabarani, lakini sehemu ya mwisho ilipoanza aliwanyamazisha wote kwa taulo.

Sikuketi mbele. Nilisimama nyuma, kwenye mlango wa jikoni.

Haja Wahiba akatokea uani, karibu, kioo chote. Watu wakainama mbele kama kawaida yao, wakingoja niwapeleke kwake. Nikaanza kurudi. Kwanza hawakuelewa, walibaki wameinama. Kisha mmoja mmoja wakanyooka kwenye viti vyao, polepole, kama watu wanaoambiwa na mwenye nyumba kuwa mgonjwa amelala. Hakuna aliyelia. Mama akawa mdogo, anga likawa kubwa.

"Yuko salama sasa," Shaaban akasema.

"Yeye yuko salama," Fikri akasema. Alikuwa amekunja macho anakitazama kioo kwa ile nadhari yake ya kukagua tiketi. "Lakini anayeondoka ni nani?"

"Hakuna anayeondoka," nikasema kutoka mlangoni. "Ni kamera."

"Kuna mtu. Angalia anavyokwenda. Huyo hataki kuondoka, na anaondoka vizuri."

Hakugeuka kunitazama. Majina yakaanza kupita kiooni, madogo, ya haraka, hakuna aliyeyasoma. Likafuata tangazo la samli. Watu wakasimama, wakaanza kupeana mikono ya Idi, na Fikri akaja mpaka jikoni akanipa wake, akaushika wangu muda mrefu bila kutania, mpuuzi yule, mpaka ikabidi niseme kitu, nikamwambia asinibane, nina sugu.